Kuchimba asili ya neno “story”: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Mwanafunzi akiuliza “story” ni nini kwa Kiswahili, jibu la haraka ni hadithi. Jibu hilo linatosha mpaka mfasiri akutane na ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza ambamo neno hilohilo limetumika mara nne: kwa habari iliyochapishwa, kwa kisa kilichompata mtu, kwa uongo wa mtoto, na kwa jengo lenye ghorofa. Kuandika hadithi katika nafasi zote nne ni kumpotosha msomaji kila mara. Dawa yake ni kujua neno lilikotoka na lilivyopita, kisha kuchagua la Kiswahili linalolingana na kila tawi.

Mwongozo huu unachimba neno hilo moja mpaka kwenye mzizi. Hatua zenyewe zinafaa kwa neno lolote, lakini tumeshikilia moja ili kila hatua ionekane kwa mfano halisi. Tenga saa tatu au nne. Kazi hii haitaki kipaji, inataka subira na kukataa majibu mepesi.

Vifaa

Chukua kadi tano au kurasa tano za daftari, moja kwa kila lugha utakayopitia: Kiingereza cha leo, Kiingereza cha zama za kati, Kifaransa cha kale, Kilatini, Kigiriki. Acha nafasi ya sita kwa Kiswahili, maana huko ndiko tunakorudi.

Kamusi ndogo ya mfukoni haifai hapa, kwa sababu hutanguliza maana inayotumika sana leo. Unahitaji inayopanga maana kwa tarehe, ya zamani kwanza. Kwa Kiingereza ni kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia 1884 hadi 1928. Hulipiwa, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu zinayo. Kamusi ya Kiingereza cha zama za kati ya Chuo Kikuu cha Michigan inasomeka bure kwenye intaneti, na vilevile kamusi ya Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza baada ya kutekwa na Wanormani kutoka Ufaransa. Kwa Kilatini tumia kamusi ya Lewis na Short, kwa Kigiriki ya Liddell na Scott. Zote mbili zimewekwa bure kwenye tovuti ya Perseus. Upande wa Kiswahili, kamusi za Krapf (1882) na Sacleux (1939) ndizo zinazoonyesha maneno yalivyokuwa kabla ya usanifishaji kuzoeleka, na Lane ndiye wa Kiarabu.

Jifunze alama tatu kabla ya kufungua kitabu chochote. Alama < husomwa “limetoka kwa”. Herufi c. mbele ya mwaka maana yake “karibu”. Kinyota * mbele ya neno maana yake umbo hilo halijapatikana kwenye maandishi yoyote, bali limeundwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha. Wengi hukipuuza kinyota hicho, kisha wanaandika dhana kana kwamba ni hati iliyosomwa.

Hatua ya 1: kusanya matumizi, kisha yatenge mafungu

Usianze na asili. Anza na sentensi 20 zenye neno hilo, kutoka magazetini, vitabuni, mahakamani, kwenye matangazo ya nyumba. Ziandike zote, halafu zitenge kwa maana.

Kwa “story” utapata mafungu matano hivi: masimulizi ya kubuni, maelezo ya jambo lililotokea, habari ya gazeti, uongo, na ngazi ya jengo. Manne ya kwanza yanaonekana ndugu. La tano limekaa peke yake, na hapo simama uulize: hili ni neno moja lenye maana mbili zilizoachana, au ni maneno mawili yanayofanana sura?

Kiswahili kinalijua tatizo hili vizuri. Ngano ya kusagwa unga na ngano ya kusimuliwa usiku hupewa vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) viwili tofauti katika kamusi, kila kimoja na nambari yake. Ngano ya kusimulia ina ndugu wa wazi katika lugha za Kibantu. Wakikuyu husema rũgano, na wingi wake ni ng'ano. Ile ya unga haimo katika ukoo huo. Kwa hiyo fungu lisiloingia lipe kadi yake hata kama baadaye utagundua lina uhusiano. Kuunganisha kadi mbili ni rahisi kuliko kutenganisha maelezo yaliyokwisha kuchanganyika.

Hatua ya 2: weka tarehe kwa kila maana

Kwa kila fungu tafuta maandishi ya kwanza yanayojulikana. Kumbuka kwamba tarehe hiyo ni ya maandishi, wala si ya kuzaliwa kwa neno. Watu husema neno muda mrefu kabla mtu hajaliandika, na maandishi mengi yamepotea.

Ukifanya hivyo kwa “story”, mpangilio unajitokeza hivi. Karibu mwaka 1200 linaingia katika maandishi ya Kiingereza, nalo linahusu matukio makubwa ya zamani na watu mashuhuri, yaliyo ya kweli au yaliyoaminiwa kuwa ya kweli. Karibu 1500 ndipo linatumika waziwazi kwa jambo la kubuni la kuburudisha. Mwishoni mwa karne ya 17 linakuwa njia ya adabu ya kutaja uongo. Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo waandishi wa magazeti wanaliita hivyo andiko la habari.

Ule ambao leo tunaudhani kuwa moyo wa neno, yaani kubuni, umekuja miaka 300 baada ya neno lenyewe kuandikwa. Anayeanza na maana ya leo na kurudi nayo nyuma atautafuta ubunifu katika Kigiriki na hatauona.

Hatua ya 3: rudi nyuma lugha moja baada ya nyingine

Kanuni ni moja: usiruke. Kusema “story limetoka Kigiriki” ni kweli, lakini ni kama kusema basi limetoka Mwanza bila kutaja Shinyanga, Singida wala Dodoma. Abiria walipanda na kushuka humo njiani.

Kituo cha kwanza ni Kifaransa. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baadaye lugha ya mahakama, ya makabaila na ya vitabu vingi ilikuwa Kifaransa chao. Katika Kifaransa hicho neno lilikuwa *estorie* au *estoire*. Kiingereza kikalichukua, e ya mwanzo ikaanguka, likabaki *storie*.

Kituo cha pili ni Kilatini: *historia*. Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Kiingereza kililikopa neno hili mara mbili. Mara ya kwanza lilipitia midomoni mwa watu, likachakaa na kuwa “story”. Mara ya pili, mwishoni mwa miaka ya 1300, lilichukuliwa likiwa karibu na umbo la Kilatini, likawa “history”. Kwa karne moja na zaidi maneno yote mawili yalitumika bila tofauti. Ni katika miaka ya 1500 ndipo yalipogawana kazi, moja likabaki na yaliyotokea, jingine likavuta kuelekea yanayosimuliwa.

Lugha nyingine za Ulaya hazikugawana hivyo. *Histoire* ya Kifaransa, *historia* ya Kihispania na *storia* ya Kiitaliano zote hubeba historia na hadithi kwa pamoja. Mfasiri wa Lubumbashi au Bukavu anayetoka Kifaransa kwenda Kiswahili hukutana na jambo hili kila siku. “Une histoire” humwagiza aandike hadithi au kisa, na akiandika historia kwa sababu tu herufi zinafanana, kitabu cha watoto kitageuka somo la mitihani.

Kituo cha tatu ni Kigiriki, na hapa twende polepole. *Historia* kwa Kigiriki ilikuwa uchunguzi, kule kuuliza na kutafuta mpaka ujue. Limetokana na *histōr*, mtu anayejua kwa sababu ameona au amechunguza, na ambaye kwa hiyo anafaa kuamua. Mfano wa zamani sana tulio nao umo katika Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki juu ya vita vya Troya, kitabu cha 18, pale inapoelezwa ngao ya shujaa Akile. Kwenye ngao imechorwa baraza. Watu wawili wanagombania fidia ya mtu aliyeuawa, mmoja akidai amekwisha kulipa yote, mwingine akikana. Umati umegawanyika na kila upande unapiga kelele za kumtetea mtu wake. Wagomvi wote wawili wanataka shauri likamalizwe mbele ya *histōr*. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limezaa “story” alitazamiwa kumaliza ugomvi kwa kuwa anajua. Kuwastarehesha wasikilizaji hakukuwa kazi yake.

Herodoto wa Halikarnaso, mwandishi Mgiriki, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaifungua kazi yake kwa kusema kwamba huu ni wasilisho la *historia* yake, yaani la uchunguzi wake. Katika kitabu cha pili, akizungumzia Misri, anaweka mpaka kabisa: mpaka hapa yamesema macho yangu, rai yangu na uchunguzi wangu, na kuanzia hapa nitaeleza niliyoyasikia kwa Wamisri. Soma sehemu hiyo polepole. Neno limesimama kando ya kuona kwa macho, na masimulizi ya kusikia yamewekwa upande wa pili wa mstari.

Nyuma ya Kigiriki kuna mzizi wenye kinyota, *\*weid-*, wenye maana ya kuona na kujua. Mzizi huo umezaa *videre* ya Kilatini, yaani kuona, ambamo imetoka video tunayoitaja kila siku. Umezaa pia “wise” ya Kiingereza, na Veda, jina la maandiko ya kale ya Kihindi. Basi stori na video ni ndugu wa mbali. Hapo ndipo mwisho wa safari. Mbele zaidi hakuna ushahidi, na mchimbaji mzuri anajua pa kuweka jembe chini.

Hatua ya 4: pima sauti

Mnyororo wa maneno ni dai tu mpaka uonyeshe kwamba kila badiliko la sauti lina wenzake. Badiliko lililotokea kwa neno moja peke yake ni la kutiliwa shaka. Weka kiwango cha mifano mitatu.

Chukua e iliyoanguka kati ya *estorie* na *storie*. Kifaransa cha kale hakikupenda neno lianze na s inayofuatwa na konsonanti, kikatanguliza e. Kihispania hufanya hivyo hadi leo: *escuela* ni shule, *estado* ni dola. Kiingereza kilipokopa, mara nyingi kiliidondosha. Mifano iko wazi: “state” kando ya “estate”, “squire” kando ya “esquire”, “special” kando ya “especial”. Tayari mitatu, na “story” inakaa nayo safu moja.

Sasa *histōr* na *\*weid-*. W iko wapi? Lahaja nyingi za Kigiriki ziliipoteza sauti hiyo, lakini maandishi ya mawe ya Boeotia, eneo la Ugiriki, yameihifadhi na yanaandika *wistōr*. Na d imekwenda wapi? Kwa Kigiriki, d ikigongana na t hutoka st. Kila tundu lina maelezo yake, na maelezo hayo yanafanya kazi kwenye maneno mengine pia.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kutazama herufi badala ya sauti. H ya *historia* iliacha kutamkwa katika Kilatini cha watu wa kawaida, ndiyo maana Waitaliano wamebaki na *storia*. Anayehesabu herufi atadhani kuna kitu kimepotea ghafla, kumbe kilikwisha kunyamaza zamani.

Hatua ya 5: pima maana

Maana nayo haipeperuki ovyo. Panga maana kwa mfuatano na uulize kila moja imetokaje kwa iliyotangulia. Kwa neno letu ngazi ni hizi: kuchunguza, kisha kilichogunduliwa, kisha maelezo ya kilichogunduliwa, kisha maelezo ya mambo ya kale, kisha maelezo yoyote yenye mwanzo na mwisho, hata ya kubuni. Kila ngazi ni fupi, na hiyo ndiyo dalili njema. Ukikuta ngazi ndefu ambayo huwezi kuivuka kwa sentensi moja ya kawaida, pengine umeruka karne.

Tafuta pia masalia, yaani mahali maana ya zamani imebaki imeganda. Aristotle aliandika uchunguzi wake juu ya wanyama na ukaitwa *historia*. Plinio Mzee, mwandishi Mrumi, karibu mwaka 77, aliziita juzuu zake 37 juu ya maumbile kwa neno hilohilo. Ndiyo sababu Waingereza husema “natural history” kwa elimu ya wanyama, mimea na mawe, ingawa hapo hakuna tarehe wala wafalme. Anayefasiri “historia ya asili” amefuata herufi. Makumbusho ya Arusha yaliyomo ndani ya boma la Wajerumani yanaitwa ya Elimu Viumbe, na aliyechagua jina hilo aliifikia maana yenyewe ya Kigiriki.

Rudi sasa kwenye kadi ya jengo. Katika Kilatini kilichoandikwa Uingereza, *historia* lilipata kutumika kwa ngazi ya jengo. Maelezo yanayopendwa ni kwamba kuta za mbele au madirisha yalipambwa kwa safu za picha za visa, kila safu ngazi yake. Wengine walipendekeza *estorer* ya Kifaransa cha kale, yaani kujenga. Andika yote mawili, na la kwanza liwe juu kwa sababu lina hati za Kilatini nyuma yake. Kadi haiharibiki kwa kubeba maelezo mawili. Huharibika ukificha moja.

Hatua ya 6: wakatae wanaofanana kwa sura tu

Hapa ndipo kazi nyingi za asili ya maneno hufa, kwa sababu mfanano hupendeza.

Utasikia kwamba “history” ni “his story”, hadithi ya mwanamume. Wanaharakati wa wanawake waliugeuza mchezo huo wa maneno kuwa hoja katika miaka ya 1970, na kama hoja una nguvu yake. Kama asili, hapana: “his” ni neno la Kiingereza chenyewe tangu zama zake za kale, na *historia* ilikuwa na silabi zake zote huko Ugiriki kabla Kiingereza hakijakuwapo. Kwa namna hiyohiyo “hysteria” haina udugu. Limetoka kwa neno la Kigiriki la tumbo la uzazi.

Katika Kiswahili chetu, stori na stoo yanakaribiana mdomoni na yote yamepitia Kiingereza. Lakini “store” limetoka kwa *estorer*, na hilo kwa *instaurare* ya Kilatini, yaani kusimamisha au kufanya upya. Kudondoka kwa e kumeyafanya yafanane. Mizizi ni miwili.

Simulia na *simulare* ya Kilatini, yaani kuiga, ni mtego mwingine. Kabla hujaunganisha, jiulize: neno hilo lingefika pwani kwa chombo gani, karne gani, na limeandikwa wapi njiani? Bila njia hakuna mkopo. Kwa mkopo wa Kiarabu tunaweza kujibu maswali hayo matatu. Hapa hatuwezi hata moja.

Kuna pia mfanano ambao haujakatwa shauri. Kurani inataja mara 9 *asāṭīr al-awwalīn*, ngano za watu wa kale, kama shutuma ya wakanushaji. Wanalugha wa Kiarabu hulitoa neno hilo kwenye mzizi s-ṭ-r, kupanga mistari, kuandika. Baadhi ya watafiti wamelihusisha na *historia* ya Kigiriki. Likufikie kama suala lililo wazi, ulitie kwenye kadi kwa penseli.

Hatua ya 7: rudi Kiswahili na uchague neno

Fanya kwa maneno yetu kama ulivyofanya kwa lao, kwa kuwa kila moja lina njia yake.

Hadithi ni *ḥadīth*, kutoka mzizi wa kutokea na kuwa kipya. Kwa Kiarabu neno hilohilo ni mazungumzo na pia ni “-pya”. Linganisha na *novella* ya Kiitaliano, kitu kipya, iliyozaa “novel” ya Kiingereza. Watu wa pande mbili za bahari waliona kwamba kinachosimuliwa ni kile kilichotokea sasa hivi. Kisa ni *qiṣṣa*, kutoka kitenzi cha kufuata nyayo. Katika sura ya 18 ya Kurani, Musa na kijana wake wanarudi wakifuata nyayo zao, na neno lililotumika ni la mzizi huohuo. Riwaya ni upokezi wa kauli kutoka kwa mtu hadi mtu, na katika Kiarabu cha kale ukoo wa neno hilo unamhusu pia ngamia wa kuteka maji. Hekaya limetoka kwa kitenzi cha kuiga. Tarehe ni *tārīkh*, ambalo kwa Waarabu ni tarehe na historia pia. Sisi tulichukua nusu. Wenyeji wa pwani walipoandika ya kale yao walisema habari, *khabar*, na ndilo neno lililomo katika majina ya maandishi ya Lamu na Kilwa.

Sasa chagua. Kwa masimulizi ya kubuni, hadithi. Kwa yale ya jadi, ngano. Kwa tukio moja lililompata mtu, kisa. Kwa andiko la gazeti, habari, na wanahabari wenyewe ofisini husema stori. Mahakamani “his story” ni maelezo yake, kamwe si hadithi yake, maana hapo neno hadithi litakuwa limekwisha kumhukumu. “That's another story” ni “hilo jambo jingine”. “End of story” ni “basi, yamekwisha”. Mtoto anayeambiwa “don't tell stories” anakatazwa kusema uongo.

Kuwa mwangalifu zaidi na maandishi ya dini. Kwa msomaji Mwislamu, “hadithi za Mtume” ni kauli na matendo ya Mtume Muhammad yaliyopokewa kwa mlolongo wa wapokezi wanaotajwa. Kitabu cha Kiingereza kinachosimulia maisha ya manabii kiitwe visa vya Mitume. Ukiandika hadithi, umetoa ahadi ya kielimu ambayo kitabu hakiitimizi. Neno hilohilo ndilo linaloitikiwa usiku, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Kweli yenye mlolongo wa mashahidi na uongo mtamu vimekaa ndani ya neno moja, sawasawa na vilivyokaa ndani ya *storie* kabla halijagawana kazi na *history*. Ukitaka kueleza darasani jinsi *historia* ilivyopasuka, huna haja ya Kigiriki. Anza na hadithi.

Kwa majengo: Mwingereza huandika “storey”, wingi “storeys”. Mmarekani huandika “story”, wingi “stories”. Tangazo la Marekani la “three-story house” limewahi kumfanya mtu mwenye haraka awaze hadithi tatu. Hata ukiandika ghorofa, bado kuna hesabu ya kufanya, kwa kuwa Kiingereza huhesabu na ngazi ya chini, wakati wengi wetu tukisema nyumba ya ghorofa moja tunamaanisha iliyopanda mara moja juu ya ile ya chini. Andika “ghorofa tatu kwa kuhesabu na ya chini” na fundi hatakosea. Ghorofa lenyewe ni *ghurfa*, chumba, kwa Kiarabu.

Stori nalo lipe kadi kama neno la Kiswahili lenye haki kamili. Liko katika ngeli ya I-/ZI-, stori hii, stori hizi. Limejiunga na kitenzi piga pamoja na soga, gumzo na domo, na hapo limepata maana ambayo Kiingereza hakina. “Tulipiga stori mpaka saa sita” hakumaanishi kwamba kuna aliyesimulia kitu. Maana yake watu walizungumza. Mkenya akisema “stori za jaba” anakusudia maneno ya kijiweni yasiyo na uzito. Kumsahihisha kwa kumwambia kwamba stori ni uchunguzi wa shahidi, eti kwa kuwa ndivyo Kigiriki kinavyosema, ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Asili hueleza neno limepita wapi. Maana ya leo iko kwa wanaolisema leo.

Hatua ya 8: andika kadi ya mwisho

Kadi nzuri haizidi mistari kumi. Ya kwetu iwe hivi:

*story*, nomino ya Kiingereza. Maandishi ya kwanza c. 1200: maelezo ya matukio ya kale. < Kifaransa cha Uingereza *estorie* < Kilatini *historia* < Kigiriki *historia*, uchunguzi < *histōr*, ajuaye, mwamuzi < *\*weid-*, kuona, kujua. Kubuni c. 1500; uongo, mwisho wa karne ya 17; andiko la gazeti, mwisho wa karne ya 19. Pacha: *history*, mwisho wa karne ya 14. Tazama pia *storey*, asili inajadiliwa. Si ndugu: *store*, *hysteria*. Kiswahili: hadithi, kisa, habari, maelezo, kwa muktadha. Mkopo: stori, I-/ZI-, na maana mpya ya mazungumzo.

Ukitaka kujipima, chukua “tale”. Utaanza na *talu* ya Kiingereza cha kale, utakutana na *Zahl* ya Kijerumani, yaani namba, na *erzählen*, kusimulia, na utaelewa kwa nini karani anayehesabu fedha benki anaitwa “teller”. Njiani atakukonyeza “tally”, hesabu ya alama, na utatamani kumweka katika ukoo huo. Mpeleke kwanza hatua ya 6: ametoka *talea* ya Kilatini, kijiti kilichokatwa.